Nilivyokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Hungaria, New Hope

Ilianza Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane na dakika arobaini mchana, niliposimama mbele ya watu kumi na wawili katika ukumbi wa chini wa zile fleti za New Hope, huku ughaibuni tunakoishi, na kuwaambia wanyooshe mikono. Saa nane na dakika arobaini na mbili mambo yalikuwa yamekwisha. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu saa ya ukumbi iko juu ya mlango, na mimi nikiona haya huangalia saa badala ya watu.

Wadogo zangu, nyinyi mtakaolirithi faili la kijani, nawaandikia nikiwa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, msicheke. Nimekaa kwenye Wizara ya Mambo ya Ndani miaka mitatu ya Jumamosi, na hakuna waziri mwingine wa Baraza letu aliyedumu hivyo. Mengi nayanakili kutoka daftari langu, lile ambalo sikuwahi kumwonyesha mtu, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka huku na huku. Hata sasa mguu wangu unatikisa meza na Nyanya ameshaniuliza mara mbili kama nina homa.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengine mmeingia juzi na mnadhani mmeletwa darasa la Kiswahili. Ni kweli mmeletwa darasa la Kiswahili. Lakini Mwalimu Mhina, aliyefundisha historia Tanga hadi akastaafu na kuwafuata wanawe huku, aligundua mapema kwamba ukiwaambia watoto wa Kenya, Kongo na Tanzania waongee Kiswahili, watakaa kimya au watakujibu Kiingereza. Wape kitu cha kugombania, wataongea wenyewe. Tatizo ni kwamba wakigombania siasa za kwetu, wazazi nao wanaingia. Basi akatafuta nchi ambayo si ya mama wa mtu yeyote ukumbini. Akapata Hungaria, miaka ile ya katikati ya vita kuu viwili: ufalme usio na mfalme, umewekwa mikononi mwa amirali ambaye nchi yake haina tena bahari. Akaandika kadi, akazitia kwenye bakuli, kila mtu akachota wizara yake.

Mimi nilichota Mambo ya Ndani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimehudhuria wiki tano bila kutamka neno isipokuwa jina langu, nalo kwa sauti ya chini hivi kwamba Mwalimu aliandika Zaina badala ya Zuhura na sikumrekebisha mpaka Pasaka ikapita. Nikamwendea na kadi yangu, nikamnong'oneza nipewe Kilimo.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Wizara hii inataka mtu anayesikiliza. Kelele waachie Reli."

Waziri wa Reli alikuwa Brayo. Nitamfikia.

Nyuma ya kila kadi kulikuwa na faili. Langu la kijani lilihusu mtu tuliyemwita Bwana Waziri tu. Mwalimu alimuunda kutokana na mawaziri kadhaa wa wakati ule, vipande vipande, ili tusimsingizie marehemu wa watu. Bwana Waziri alianza ukarani wilayani, kijana wa kunakili barua za wakubwa. Vita vikaisha, mstari mpya ukachorwa kwenye ramani, na wilaya yake ikaamka asubuhi iko nchi nyingine. Akapanda treni. Makarani wengi kama yeye walifika mji mkuu wakakosa nyumba, wakaishi kwenye mabehewa palepale stesheni, nguo zimeanikwa madirishani. Hapo ndipo nilipompenda. Sisi tulipofika huku tulikaa miezi minane kwenye chumba kimoja cha ami yangu, na Mama alikuwa akianika kanga zake kwenye fimbo ya pazia la bafu.

Kutoka kwenye behewa Bwana Waziri alipanda, akawa mkuu wa mkoa, kisha akaingia wizarani. Alichokijua kuliko wenzake ni uchaguzi. Miji mikubwa ilipiga kura ya siri. Vijijini sheria ilitaka mtu asimame mbele ya meza aseme kwa sauti anamtaka nani, karani wa kijiji akiandika, na mlangoni wamesimama askari wenye manyoya ya jogoo kwenye kofia. Hawampigi mtu, hawasemi kitu, wamesimama tu na manyoya yao. Bwana Waziri hakuhitaji kuiba kura hata moja. Alihitaji kujua nani atakuwa anaangalia.

Maneno hayo niliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mtauona mstari huo mkifungua faili. Niliona huyu mtu ana akili.

Sasa makosa, kwa sababu kazi hufundishwa na makosa zaidi kuliko kadi. Amri yangu ya kwanza kabisa ilikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya watano bila kibali. Niliiandika nyumbani, nikaisafisha, nikampa Brayo anisomee kwa sauti kwa kuwa mimi nisingeweza. Alipomaliza, Mwalimu akatuhesabu kwa kidole, tulikuwa kumi na mmoja, akasema basi tutawanyike. Akatutoa nje. Ilikuwa Januari. Tukasimama kwenye theluji tukiulizana nani hutoa vibali, mpaka mtu akakumbuka kwamba ni Waziri wa Mambo ya Ndani, na Waziri yupo hapahapa anatetemeka, ila kalamu yake imebaki ndani. Tangu siku hiyo kalamu iko kwenye soksi yangu. Tena nikajifunza kusoma amri kuanzia mstari wa mwisho, kwa sababu wa kwanza huandikwa ukiwa na akili na wa mwisho ukiwa na haraka. Na amri isiyotaja jina la mtu atakayeibeba hiyo ni dua tu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa. Zamani tuliandikiana kwa vikaratasi. Mwaka wa pili wakubwa wakasema tuhamie kwenye kundi la simu, mambo ya kisasa. Nikaandika humo: askari watakagua nyumba zote kuanzia Jumatatu. Mmoja wetu alikuwa anatumia simu ya mama yake. Huyo mama akaisambaza kwa dada yake, dada akaisambaza kanisani, na kabla ya magharibi akina mama watatu walikuwa wamempigia Mwalimu, mmoja ameshawapakia watoto garini na mito. Kwa siku zile zilivyokuwa, watu wa uhamiaji wakigonga milango, nani angewacheka. Baba alinikalisha chini akaniuliza kama najua maneno yangu yanafika wapi. Sikuwa najua. Tukarudi kwenye vikaratasi, na ndiyo sababu mpaka leo kila amri lazima ianze na neno Hungaria. Msiliondoe.

Lakini vikaratasi vina jambo lake. Ukivisoma miaka mitatu unamjua kila mtu kwa mwandiko. Baadaye mtaona kwa nini nalitaja hili.

Sasa Brayo. Kwao wanamwita Brian. Anakaa Coon Rapids, ana miaka kumi na minane, ana sauti ya kujaza ukumbi bila kuinyanyua, na ana gari. Gari ni la mama yake, la siti nane, mlango mmoja lazima uupige nyonga ndipo ufunge. Wazazi wetu Jumamosi wako kazini, hospitalini au kwenye maghala, na huku bila gari wewe ni mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Brayo alichukua nusu ya Baraza, wiki baada ya wiki, bila kumdai mtu kitu. Wakati mwingine alitununulia viazi. Nataka mjue hilo kwanza, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya aonekane mbaya, na hakuwa mbaya.

Mimi nakaa Plymouth, ambako si njia ya kwenda Coon Rapids hata kidogo. Alinizungukia. Na nilikaa kiti cha mbele. Hakuna aliyenipa, kilibaki wazi siku moja nikakaa, na baada ya hapo kikawa changu. Mtu mwenye haya akipata kiti cha mbele kwenye gari la Brayo, muziki anachagua yeye, na wa nyuma wanamwita Waziri hata nje ya ukumbi. Sikuwahi kuwa na kitu kama hicho shuleni. Shuleni mimi ni mgongo wa begi.

Nyuma kabisa, kwenye siti ya kukunja, alikaa Furaha. Ana miaka kumi na minne, amekuja kutoka Goma kupitia kambi, hajamaliza miaka miwili huku. Alikuwa amechota kadi ya mbunge wa kijijini. Shuleni kwao haongei, aliniambia mwenyewe. Lakini akisimama pale ukumbini kutetea wanakijiji wake wa Hungaria, na zile "bon" zake za Kifaransa na "hapana, mi nakataa", hata radiator za kupasha ukumbi joto zilikuwa kama zinanyamaza. Siku moja alimwuliza Waziri wa Kilimo kama amewahi kulala na njaa huku anasikia ng'ombe wa tajiri wanatafuna. Waziri wa Kilimo, mtoto wa Maple Grove, alikaa chini bila kuambiwa.

Januari hii tukaletewa barua. Kutakuwa na hafla ya Kiswahili kule Saint Paul mwezi wa Machi, wazazi na wageni, na Baraza letu litoe mtu mmoja wa kuhutubia dakika kumi. Hiyo haikuwa Hungaria tena, ilikuwa kweli. Wakajitokeza wawili, Brayo na Furaha. Brayo alitaka kuiandika kwenye maombi yake ya chuo. Furaha hakusema anaitakia nini.

Uchaguzi wote wa Baraza husimamiwa na Mambo ya Ndani, na Waziri ndiye huamua kama kura ni ya siri au ya wazi. Waziri mwenyewe hapigi. Nitawaambia nilivyofikiri, kwa sababu niliapa kuandika ukweli. Nilifikiri: Furaha ataongea vizuri zaidi. Kisha nikafikiri: Brayo akishindwa, na mimi ndiye nimesimamia, kiti cha mbele kitakuwaje? Nikaangalia dirishani, gari lilikuwa limepaki palepale mbele ya kioo, linaonekana kutoka kila kiti. Nikakumbuka ule mstari mwekundu.

Nikasema, "Kura ya wazi. Wanaomtaka Reli, mikono juu."

Wakanyoosha wa Coon Rapids wote, ukimtoa Furaha. Wakaangaliana, wakanyoosha na wale ambao mama zao huchelewa. Brayo akanyoosha wake, anacheka. Ukabaki mkono wa Furaha. Aliangalia dirishani, akaniangalia mimi, kisha akaunyoosha na wake, nusu, kiwiko kimebana mbavuni. Akampigia Brayo.

Nikaandika: kwa kauli moja. Saa nane na dakika arobaini na mbili.

Mwalimu Mhina alikuwa ameegemea ukuta na kikombe chake cha chai. Akanipita akielekea mlangoni, akasema polepole, "Hongera, Waziri. Sasa umekuwa yeye kabisa." Na mimi, wadogo zangu, nilidhani nimesifiwa. Kwenye gari nilichagua muziki. Furaha aliteremka Coon Rapids bila kusema kwaheri, au alisema sikusikia, maana Brayo hakunipeleka mimi kwanza siku hiyo, tulizunguka na wengine tukishangilia.

Jioni tukala wali wa nazi na kuku wa kupaka, Baba yupo, Mama amewahi kutoka zamu. Nikasimulia. Kwa kawaida mimi mezani nasema kidogo, kwa hiyo walinisikiliza, na nikanogewa. Nikaeleza Bwana Waziri, manyoya ya jogoo, gari dirishani. Nikasema sikuiba kura hata moja. Baba akacheka, akasema huyu tumpeleke nyumbani agombee.

Nyanya hakucheka. Nyanya ni mama yake Baba, alikuja huku miaka minne iliyopita na bado huvua viatu akiingia lifti. Alikuwa anapangusa mdomo wa bakuli ambao ulikuwa safi tayari.

"Mimi nilipanga mlolongo," akasema.

Mama akasema kumbe, lini. Nyanya akaeleza bila kumwangalia mtu. Ilikuwa wakati ule serikali ilipoamua kwamba watu wasipige kura kwenye karatasi, wapange foleni nyuma ya mgombea wao, au aliyeshika picha yake, wahesabiwe vichwa. Baba alikuwa darasa la tano. Nyanya alikuwa mpishi wa bweni kwenye shule ya serikali huko Kilifi. Mmoja wa wagombea alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, Mwalimu Salim, aliyemfundisha kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto, jioni kwa jioni, hakumlipisha. Foleni yake ilikuwa fupi. Foleni ya yule mwingine ilizunguka kiwanja, na pembeni yake amesimama chifu na bwana mkubwa wa shule, mikono nyuma.

"Hawakuniambia neno," Nyanya akasema. "Waliniangalia tu. Nikaenda foleni ndefu. Na mlolongo ukipinda, wewe unaona wa upande wa pili. Niliwahesabu. Saba, na mmoja wao mkewe. Nikageuka, nikampa mgongo."

Baba akauliza yule mwalimu alisema nini baadaye.

"Hakusema. Asubuhi alinisalimia kama kawaida. Lakini mimi tangu siku ile sikuweza kubisha mlango wao hata kuomba chumvi. Miaka kumi na mbili ukuta kwa ukuta, mpaka akafa." Akaniangalia mimi sasa. "Huyo mtoto wa watu, mkono wake uliunyanyua wewe."

Nikaondoka mezani. Niliandika kurasa tatu za kumpinga Nyanya kwenye daftari. Kwamba ule ni mchezo, kwamba Brayo si chifu, kwamba Furaha angeweza kuuacha mkono wake chini. Kurasa hizo ninazo bado, na mwandiko wake unalala upande kama unakimbia.

Jumamosi iliyofuata Furaha hakuja. Kwenye gari siti ya kukunja ilikuwa imekunjwa, mtu kaweka mpira juu yake. Brayo akasema alimpitia, akaambiwa ana kazi ya shule. Nikatafuta wimbo, nikautoa, nikatafuta mwingine. Wakaniuliza nyuma kama Waziri ana viroboto.

Katikati ya wiki nilimpigia Mwalimu kumwuliza jambo lingine kabisa, nikajikuta nauliza la Furaha. Akaniambia mama yake Furaha, anayesafisha ofisi huku kwetu Plymouth, alikuwa amempigia kabla ya kura kumwuliza hafla inaanza saa ngapi, ili aombe ruhusa kazini mapema. Ameshapewa. Bado hajaambiwa na bintiye kwamba hahitaji tena. Nikamwuliza Mwalimu kama Waziri anaweza kufuta uchaguzi. Akasema anaweza, kabla jina halijatumwa, yaani kabla Februari haijaisha. Na kanuni za faili zinasema waziri anayefuta uchaguzi wake mwenyewe hujiuzulu siku hiyohiyo.

Nililijua hilo. Niliulizia tu kama kuna mlango wa nyuma.

Kwa siku tatu sikutulia. Nilipanga viatu vya nyumba nzima. Tatizo lilikuwa karatasi: nikiwapa waandike majina, nitamjua kila mtu kwa mwandiko, na wao wanajua kwamba nitamjua. Nyanya ndiye aliyelimaliza. Akachota punje za mahindi na kunde kabatini, akaleta na sufuria mbili zenye vifuniko. Kila mtu ashike hindi moja na kunde moja. Punje ya mtu anayemtaka anaitia sufuria ya kura, iliyobaki anaitia sufuria ya mabaki. Tukajaribu jikoni. Nyanya akafumba macho, mimi nikadondosha.

"Hindi," akasema. Nikadondosha tena. "Kunde. Hindi linalia zaidi. Tandika kitambaa."

Tukatandika vipande vya kanga chini ya sufuria zote mbili. Hapo akashindwa kujua, mara tano mfululizo. Aliridhika mpaka akaimba.

Jumamosi ya mwisho ya Februari nikaenda na sufuria kwenye mfuko. Furaha hakuwepo. Nikasimama. Nimeandika kwenye daftari kwamba sauti yangu ilitetemeka, lakini Waziri wa Kilimo anasema haikutetemeka, ilikuwa ndogo tu kama siku zote. Nikasema Wizara inafuta kura ya mikono, kwa kuwa Waziri aliipanga ili mtu fulani ashinde. Tutapiga nyingine, hindi ni Reli, kunde ni mbunge wa kijijini, sufuria ziko nyuma ya koti la Mwalimu, mmoja mmoja. Nikashusha na pazia la dirisha, gari likapotea.

Brayo hakukasirika mara moja, alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa na rafiki.

"Waziri, ni sawa, tupige tena. Lakini leo unaenda home na nani?"

Hakupaza sauti. Nadhani alitania nusu. Lakini nililiona swali lile likipita kwenye nyuso zote, moja moja, na kila mmoja akijijibu moyoni.

"Na miguu," nikasema.

Wakacheka, wakapanga foleni. Kumi na mmoja. Mwalimu alishika koti lake kama pazia la ukumbi wa sinema. Nilimwomba ahesabu yeye, mimi nisiguse. Akamwaga sufuria mezani juu ya kipande cha kanga. Kunde saba, mahindi manne. Akarudia kuhesabu kwa sauti, na Brayo akasogea akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kidole, akapiga meza mara moja kidogo, akasema sawa.

Nikaandika barua ya mistari miwili, kama ile ya Bwana Waziri iliyo mwisho wa faili, alipojiuzulu kwenda kulima zabibu zake. Nikaiweka kwenye faili, nikaliweka faili mbele ya Mwalimu. Brayo aliwapeleka wenzake nyumbani vilevile, wote. Nilimwona akiweka begi lake kwenye kiti cha mbele. Nilitembea dakika hamsini hadi Plymouth na zile sufuria zikigongana mfukoni, na njia nzima nilifikiria jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Furaha ameshinda. Haya, atafika Saint Paul na nani? Atafika hata New Hope na nani? Kwenye gari la mtu ambaye yeye amemshinda? Miaka mitatu ya amri, ukaguzi na vibali, na sikuwahi kuandika amri moja ya jinsi mtu wa kijijini atakavyorudi kwao.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, nilitoka saa tatu kasoro robo kwenda kwao Furaha kwa basi. Nilikuwa nimeandika maswali ya kumwuliza dereva wa basi kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza, ili nimpe asome nikishindwa kuongea. Nilishindwa, nikampa. Alikuwa mama mzima mwenye miwani, akasoma, akanionyesha kwa kalamu mahali pa kubadilisha. Nikaandika saa ya kila kituo. Kwenye kituo cha kubadilishia unangoja dakika ishirini na sita, kuna kibanda chenye kitufe cha kuwasha joto, kibonyeze tena kila joto likizima. Basi la pili likaniteremsha mbali na fleti zao, theluji hadi kwenye vifundo, na nikabisha mlango saa tano kasoro dakika tano. Yote hayo mtayakuta ukurasa wa kwanza wa faili, mbele ya Bwana Waziri. Niliomba ruhusa ya kulifungua mara moja tu kuyaweka. Yasomeni kabla ya kuusoma ule mstari mwekundu.

Alifungua Furaha mwenyewe, amejifunga kitenge, soksi hazifanani. Akaangalia nyuma yangu, barabarani, akitafuta gari.

"Umekuya na nani, dada?"

"Na basi."

Akaniangalia miguu. Nikamwambia tumepiga upya, nimejiuzulu, na ni saba kwa nne, yeye ndiye saba. Hakufurahi kama nilivyotaka. Alishika kitasa, akafikiri.

"Nani walinipatia?"

"Sijui," nikasema. "Na hakuna atakayejua."

Ilikuwa kweli, na katika miaka yangu yote kazini sikuwahi kulisema hilo. Kutoka jikoni mama yake akauliza kwa sauti ni nani yuko mlangoni na baridi yote hiyo inaingia. Furaha akajibu kwamba ni mtu wa Baraza. Nikampa kikaratasi cha saa. Nikamwambia basi la kurudi linapita saa tano na dakika ishirini, tukipanda sasa tutaijua njia yote ya kwenda ukumbini kabla ya Jumamosi, na ana dakika kumi za kutafuta viatu.

Akaniachia mlango wazi, akaenda kuvitafuta.